Tumekuja Kukuaga

Simu iliingia nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Ilikuwa zamu yangu ya jikoni, na katika nyumba yetu ya masista zamu ya jikoni haijali kama mtu ana safari ya Ulaya au hana. Nikajifuta mkono kwenye aproni, nikapokea.

“Shikamoo Sista.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mie mtoto wako tu.” Ilikuwa sauti ya kiume, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. “Tumesikia unakwenda kuzungumza kwenye mkutano wa mataifa. Tumefurahi sana. Safari njema. Ila tulikuwa twataka umwambie yule bi wa Makunduchi kwamba mwanawe hajambo. Kwa sasa hajambo.”

Akakata. Nikabaki na simu mkono mmoja na kifuu cha nazi mkono wa pili. Watu hudhani vitisho huja na matusi. Angenitukana ningemjibu, maana ulimi ninao, na wanaonijua wanaujua. Lakini mtu aliyekuamkia kwa adabu utamjibu nini? Nikaendelea kukuna, nikajikuna kidole, na hapo ndipo nilipogundua kwamba natetemeka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Watu wakimwona mtawa amesimama mbele ya kipaza sauti akiwasema wakubwa, wanadhani Mungu amemwondolea hofu. Mimi hakuniondolea. Naogopa ndege, naogopa kuchelewa, naogopa maafisa waliovaa tai, na tangu siku ile naogopa zaidi mtu anayeniamkia vizuri kwenye simu nisiyoijua namba yake.

Nilizaliwa Kikwajuni, katika nyumba ambayo jirani akikohoa sisi tulimpa pole. Babu alikuja kutoka bara kutafuta kazi, akaoa, akakaa, akazikwa hapahapa. Tulikuwa Wakristo wachache kati ya Waislamu wengi, na adabu tulijifunza kwao. La kwanza lilikuwa kuaga. Mtu wa Unguja hasafiri hivihivi. Hata akienda Dar es Salaam kwa wiki moja atapita nyumba kwa nyumba: kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani, kwa bibi wa dirisha la pili aliyemkaripia utotoni. Anakaa kidogo, anasema nimekuja kukuaga, anataka radhi. Yule anayeagwa humshika mkono, humwambia radhi unazo, humwombea dua, na kama lilikuwapo neno baya kati yao linaishia palepale. Radhi ya mama ndiyo kubwa kuliko zote. Aliyeondoka bila radhi ya mama, akijikwaa tu huko aliko, huku nyumbani sababu inajulikana.

Sasa nina darasa la ushoni kulekule Kikwajuni, chumba kimoja chenye vyerehani na feni inayozunguka inapojisikia. Wanawake huja kushona, na wengine huja kulia, kisha wanashona. Ni humo nilimoanza kusikia habari za wasichana wanaopelekwa Arabuni kufanya kazi za ndani. Wapo wanaokwenda kwa njia safi wakarudi na kujenga, sitaki kuwasingizia. Lakini wapo wanaonyang'anywa paspoti siku wanapofika, kisha simu, na wakirudi hawawezi kuvumilia kusikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Kila aliyerudi katika hali hiyo nilimuuliza swali moja: wakati unaondoka ulipita kumuaga nani? Jibu lilikuwa moja. Hakuna. Wakala aliwakataza. Aliwaambia watu wana husda, safari ikitangazwa itaharibika.

Dawa waliipata wanawake wa darasa, mimi nikawafuata tu. Wakisikia binti fulani amenunua sanduku, amesukwa, na bado hajaonekana akipita kuaga, basi wao wanakwenda. Wanavaa mabuibui yao mazuri, wananunua halua, wanapiga hodi. “Tumesikia mtoto anasafiri. Tumeona ana shughuli nyingi, basi tumekuja sisi kumuaga.” Hawagombani na mtu. Wanakaa, wanakunywa kahawa, wanauliza taratibu: anakwenda kwa nani? Nani atampokea? Tupeni namba ya huko tumjulie hali. Baba aliyekuwa hajui anajua. Mama aliyekuwa anajua nusu anaijua nzima. Na wakala, kama yupo, huanza kutazama saa. Kuna wasichana waliobaki kwa njia hiyo, na wengine walikwenda lakini kwa mlango wa mbele.

Binti wa Makunduchi hakuna aliyemuwahi. Mama yake ni rafiki yangu wa miaka, mjane, mkulima wa mwani, na binti mwenyewe nilimfundisha kukata gauni. Aliondokea mjini, kwa rafiki yake, asubuhi moja. Mama alijua kwa kuona kanga zake zimekunjwa na kuwekwa juu ya kitanda kama za mtu aliyekufa. Baadaye binti alipiga simu mara moja, ananong'ona, maji ya bafuni yanamwagika nyuma yake: “Mama, njoo unichukue.” Kisha kimya. Tuliandika, tukapiga simu, tukasubiri kwenye viti vya ofisi, kimya kikabaki kilekile.

Ndipo ikaja nafasi ya mkutano. Shirika letu la kitawa hupewa nafasi ya kusema pale mataifa yanapokutana kuzungumzia haki za wafanyakazi wa ndani, na safari hii walinichagua mimi. Wajumbe wa nchi aliyokuwako yule binti wangekuwapo. Mama yake aliiwekea siku ile matumaini yote aliyokuwa amebakiwa nayo. Na sasa sauti yenye adabu ilikuwa imenieleza kwamba mdomo wangu unaweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia kabisa.

Nilimweleza mkuu wa nyumba yetu, mtawa mzee asiyependa maneno mengi. Akasikiliza, akanifunga kitambaa kwenye kidole.

“Tiketi itabadilishwa. Utaondoka kesho asubuhi,” alisema. “Usimwambie mtu.”

“Hata wanawake wa darasani?”

“Hata wao. Wanawapenda watu wao, wataongea.”

Utii ni nadhiri, na siku nyingine huwa naitekeleza huku nimevimba kama andazi. Lakini siku ile sikuvimba. Niliogopa tu. Nilimwambia mkuu kwamba mama wa mtoto lazima ajue habari ya simu, kwa kuwa mtoto ni wake. Akakubali, kwa sharti nirudi kabla ya jua kuchwa.

Kutoka nyumbani kwetu hadi tunapoegesha kigari chetu ni vichochoro vya Mji Mkongwe ninavyoweza kuvipita nimefumba macho. Mchana ule nilivipita macho yamenitoka. Mji ule umejengwa hivi kwamba aliye nyuma yako humwoni mpaka akufikie. Nilisikia viatu. Niliposimama kama ninayefunga kamba ya kiatu, navyo vikasimama. Kwenye baraza walikaa wazee wawili wanacheza bao, nikawaamkia kwa sauti kubwa mno, ili aliye nyuma ajue nimeonwa na watu. Wakaitikia marahaba kwa mshangao. Nilipogeuka nilimwona mzungu mwenye kofia, amepotea, anapiga picha ya mlango.

Makunduchi maji yalikuwa yamekupwa. Zamani wanawake walilima mwani karibu na ufuko, maji ya magotini. Siku hizi maji ya karibu yana joto, mwani unaoza kwenye kamba, basi wamesogea mbali mpaka maji ya kifuani, na wengi wao hawajui kuogelea. Nilivua viatu, nikashika kanzu yangu mkononi, nikaingia. Wenzake waliniona wakasemezana Kikae chao, lahaja ya huko kusini, wakacheka. Nusu nilielewa, na hiyo nusu ilihusu miguu yangu.

Nilimkuta rafiki yangu anakaza kigingi. Nikamweleza yote, neno kwa neno, kwa sababu nisingejua la kupunguza. Akaacha kigingi.

“Alikwambia hajambo?”

“Alinambia kwa sasa hajambo.”

“Basi yu hai,” alisema. Akajishika kwenye kamba ya mwani kwa mikono miwili. “Mie hata hilo nilikuwa silijui.”

Nilikuwa nimekuja na hofu yangu nikidhani namletea msiba, kumbe nimemletea habari njema aliyoisubiri miezi. Nikaona haya. Maji yakawa yanatusukuma kidogokidogo.

“Kaseme,” akaniambia. “Jina lake usilitaje mbele ya watu. Lakini ukimpata mtu mmoja, mmoja tu, roho yako ikamkubali, mtajie yeye sikioni.”

“Na roho yangu ikikosea?”

“Yangu mie ipo huku majini, Sista. Haiwezi kufika huko. Ndo n'nakutuma na yako.”

Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye chumvi, akasema radhi zangu unazo, akasoma dua yake nami nikaitikia amin. Akauliza naondoka lini. Nikamjibu karibuni. Akanitazama kwa muda. Sikuwa nimesema nimekuja kukuaga, na nadhani aliliona neno hilo halipo.

Asubuhi ya pili yake dereva wetu alinichukua mapema. Mji ulikuwa haujaamka vizuri. Michenzani wachuuzi wa maandazi ndio kwanza wanafunua vyombo. Tulipoupita mzunguko wa barabara pale, dereva akatazama kioo.

“Sista, ile gari nyeupe nshaiona tokea Darajani.”

“Kata kushoto.”

Akakata kushoto, njia isiyokuwa yetu. Ile gari nayo ikakata kushoto. Tukarudi barabara kuu, ikarudi. Nilishika rozari, nikaanza Salamu Maria, nikafika katikati nikaanza tena, nikafika katikati nikaanza tena. Sikumaliza hata moja mpaka uwanja wa ndege. Nilikuwa nafikiria kitu cha kijinga kabisa, kwamba nimesahau kumwambia sista wa zamu mahali nilipoweka chujio. Tulipofika tukasimama mbele ya mlango wa wasafiri. Nilimwambia dereva asizime gari, na yeye alikuwa ameshazima, kwa kuwa naye mikono yake haikuwa yake.

Gari nyeupe ikasimama ubavuni mwetu. Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukatoka mguu wa kike, kiatu cha kukokota, kisha buibui, kisha buibui jingine, na jingine, mpaka nikashangaa walivyotosha mle ndani. Wa mwisho kutoka alikuwa mkubwa wao, bibi anayetutengenezea vitundu vya vifungo darasani. Mkononi ameshika halua.

“Assalamu alaykum, Sista. Tumeona una shughuli nyingi,” alisema. “Tumekuja kukuaga.”

Nilitamani kumkumbatia na kumtia kofi kwa pamoja.

“Mnanifuata kama polisi! Mnajua roho yangu ilipokuwa?”

“Na zetu je?” akanijibu. “Bi wa Makunduchi katupigia simu jana. Kasema Sista kaja na hakuaga. Hukuaga, Sista! Wewe! Tukasema basi, washamchukua na yeye. Tukakesha Darajani kutazama kama kigari chenu kitapita.”

Wakanizunguka. Wakaniuliza yote, hawakuruka hata moja: nakwenda kwa nani, nani atanipokea, namba ya huko iko wapi. Dereva naye walimhoji, kana kwamba ndiye wakala wangu. Nilijibu kila swali kama msichana mbele ya shangazi zake. Kisha mmoja mmoja wakanishika mkono wakanipa radhi, na wapita njia wakatuzunguka na masanduku yao. Kwenye nguzo ya mlango wa wasafiri alikuwapo kijana mmoja mwenye simu, haingii wala hatoki, anatutazama. Bibi wa vifungo akamfuata, akamsalimu, akamuuliza naye anamuaga nani. Yule kijana akatia simu mfukoni akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananingoja mimi au anamngoja mjomba wake.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa mkubwa, mazulia yanameza hatua za watu. Kila meza iliandikwa jina la nchi. Niliitafuta ile nchi nikaiona: bwana mmoja mwenye uso wa upole anajimiminia maji, na pembeni yake mwanamke wa makamo amejitanda ushungi wa zambarau. Nilimtazama yule bwana nikasikia sauti ya simuni, ingawa alikuwa hajafungua mdomo. Ndivyo hofu ilivyonifanya siku zile, kila mwanamume mpole nilimpa sauti ile.

Nilikuwa na hotuba iliyopitiwa na watu wengi hadi haikuwa na kosa wala uhai. Zamu yangu ilipofika niliiacha mezani. Nikawaambia kwetu mtu akisafiri huaga. Nikawaeleza nyumba kwa nyumba, mkono kwa mkono. Nikasema, mkitaka kujua kama msichana anasafiri au anaibiwa, msiishie kutazama paspoti yake. Muulizeni ameaga nani. Sauti ilikuwa inanitetemeka, na mkalimani aliyekuwa kwenye kijumba cha kioo alisimama ili anione. Binti wa Makunduchi sikumtaja. Muda ukaisha, taa ya kipaza sauti ikazimwa, mwenyekiti akashukuru akamwita mwingine.

Wakati wa kahawa nilijibanza pembeni, karibu na meza ya biskuti. Mwanamke wa ushungi wa zambarau akaja kusimama kando yangu, akichagua biskuti. Hakunitazama.

“Anaitwa nani?” aliuliza polepole, kwa Kiingereza.

“Nani?”

“Huyo ambaye hukumtaja.”

 Upande wa pili yule bwana alikuwa ameacha kunywa na anatutazama. Nilimkagua mwanamke yule usoni nikitafuta alama yoyote. Alikuwa na macho mazuri, lakini na yule wa simuni alikuwa na sauti nzuri. Huenda ametumwa kunisaidia. Huenda ametumwa kumaliza kazi. Nilitamani kumpigia rafiki yangu, na nilijua saa ile yuko majini na simu yake imefungwa kwenye kanga ufukoni. Nikaiuliza roho yangu niliyotumwa nayo. Haikunijibu.

Nikamsogelea nikamtajia sikioni: jina la mtoto, jina la mama, mji. Hakuandika popote. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayehifadhi aya. Kisha akaweka biskuti yake sahanini, akaondoka bila kuniaga.

Nilirudi Unguja na hilo: aliondoka bila kuniaga. Nilimweleza rafiki yangu kwamba nimemtajia mwanamke mmoja. Akauliza roho yangu ilimkubali? Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa akaendelea kufunga mwani, na hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine, na kule kutoniuliza ndiko kulikoniadhibu. Kila simu ilipolia niliitazama kwanza. Nilikonda. Masista wenzangu walinitania kwamba Ulaya wamenibakiza sura tu. Darasani nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja na hakuna aliyethubutu kucheka. Niliomba, ndiyo, lakini sala zangu zilikuwa za mtu anayegonga mlango na huku anajiandaa kukimbia.

Halafu siku moja, katikati ya kelele za vyerehani, wakapiga watu wa uwanja wa ndege. Yupo msichana hapa, hana mzigo, anasema wewe ndiye mtu wake.

Alikuwa na mfuko wa plastiki na viatu visivyokuwa saizi yake. Njiani hakusema kitu isipokuwa kutuomba tufungue vioo vyote. Baadaye, kidogokidogo, alieleza kwamba, kwa sauti alizozisikia, mwanamke alifika kwenye ile nyumba, akazungumza na wenyewe ukumbini, akaondoka. Jioni yake wakamtupia paspoti yake na kumpeleka kupanda ndege. Yeye alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma. Hakuona hata ushungi.

Ningependa kuishia hapo. Mwaka mzima nilidhani yameishia hapo. Binti alilala kwa mama yake, akanenepa, akarudi darasani, akaanza kucheka mdomo ukiwa wazi. Hata nazi nilikuna bila kutazama simu. Lakini mwani ulizidi kuoza na bei ikazidi kuanguka, na wadogo zake walikuwa wanasoma.

Asubuhi moja akapiga hodi nyumbani kwetu. Amevaa vizuri, viatu vipya, manukato. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Shikamoo Sista. Nimekuja kukuaga.”

Sikuitikia hata marahaba. Akaanza kunieleza haraka, kana kwamba ameyakariri. Ni nchi nyingine. Wakala ana ofisi yenye kibao, mkataba wameusoma bibi wa vifungo na wenzake mstari kwa mstari, namba ya huko wanayo wote. Nilitafuta kasoro. Nilitafuta kwa hasira, na sikuipata. Alikuwa amefanya kila nililowaambia mataifa kwamba msichana anapaswa kufanya. Amepita nyumba kwa nyumba, Kikwajuni nzima, na kote wamempa radhi. 

“Umeshamaliza kuaga wote?”

“Umebaki wewe na mama.”

“Mama hajui?”

Akatazama viatu vyake. “Nimemwacha wa mwisho. Akikataa siwezi kwenda.”

Nikautoa mkono wangu taratibu. “Na mimi siwezi kumtangulia. Twende.”

Tukashika njia ya Makunduchi. Yeye alidhani naomba mama yake akatae. Nilikuwa sijafika huko. Nilichokuwa nakiogopa, kilichofanya nishindwe hata kushika rozari, ni kwamba atakubali. Nilijua jinsi chakula kilivyokuwa kidogo nyumbani kwao, na nilijua rafiki yangu ni mtu wa kuona mambo yalivyo. Angeweza kunitazama na kusema, Sista, mtoto ameaga, unataka nini tena? Na nisingekuwa na jibu, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yangu.

Tulimkuta uani, juu ya mkeka, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa vijikamba vyao vidogo. Alituona, akaona viatu vipya, akanusa manukato. Binti akapiga magoti.

“Mama, nimekuja kukuaga. Nataka radhi.”

Mama akafunga kijikamba kimoja, akafunga cha pili. Nilisikia kuku wanaparura.

“Mara ile hukuitaka,” alisema, “nikakupa tu. Kila nikiingia majini nilikuwa nakupa. Nikitoka nakupa. Nimekupa mpaka imekwisha, mwanangu. Mie sina tena.”

Binti akainamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka. Na simu yake iliyokuwa kando ikaanza kuita. Hakuna aliyenyanyuka. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Mama akaibonyeza kwa kidole kibichi, akaiacha palepale mkekani ili sote tusikie.

“Shikamoo mama,” ilisema sauti ya kiume, laini. Sijui kama ilikuwa sauti ileile. Nimejiuliza mara nyingi. Wakati ule nilishika ukuta.

“Marahaba.”

“Tulikuwa twauliza kama mtoto yu tayari, gari ije imchukue.”

“Bado hajaaga.”

“Basi atamaliza lini, mama?”

“Nani mwenzangu?” mama akauliza, bila kupandisha sauti. “Mtoto wa nani wewe? Unakaa wapi? Mamako yu hai? Njoo nae hapa kwangu, mkae, mnywe kahawa, mwanangu mniombe mie. Nikuone uso.”

 Simu ikakatwa.

Rafiki yangu akarudi kwenye kamba yake. Akazungusha kijikamba, kikateleza. Akazungusha tena, kikateleza tena. Fundo halikukaa. Binti akavua viatu vyake vipya, akakaa mkekani. Akamchukulia mama yake ile kamba mkononi, akaanza kufunga yeye.